Kope la mtoto limevimba, daktari kaandika dawa ya presha. Aliyepitia hili ajitokeze

Mama_Shamim, Busia (upande wa Uganda)

Habari zenu wote. Uzi huu utakuwa mrefu, mwenye haraka apite, atarudi usiku.

Binti yangu ana wiki kumi leo. Alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake, kilo 2.1, ngozi safi kabisa. Wiki ya pili nikaona kidoa kwenye kope la juu la jicho la kushoto, kama pale mbu alipouma. Nikamlaumu mbu. Wiki ya nne kidoa kimeinuka, chekundu kama nyanya. Wiki ya sita ni uvimbe laini, ukiubonyeza unanywea, ukiachia unajaa, na mtoto akilia unageuka karibu mweusi. Mama mkwe akasema nilipokuwa mjamzito nilitamani nyama nikanyimwa, nikajishika jicho. Nyama nilikula sana tu, na mwanawe anajua, maana ndiye aliyelipa bucha.

Kwenye kituo cha afya niliambiwa hiyo ni alama, itaondoka yenyewe, mlete akifika mwaka. Nikarudi nyumbani nimefarijika. Wiki ya nane kope likawa haliinuki tena, mtoto ananitazama kwa jicho moja. Nikapanda taksi mpaka Kampala kwa daktari wa macho. Alimwangalia kama dakika mbili, akamwita mwenzake wa watoto. Wakanipa jina: hemanjioma. Mishipa midogo midogo ya damu imeota kwa fujo mahali pamoja. Si saratani. Halafu wakaandika propranololi.

Sasa mimi propranololi naijua. Baba yangu anaimeza kila asubuhi kwa presha na moyo kwenda mbio. Nilimwuliza daktari mara tatu kama hajachanganya karatasi na ya mgonjwa mwingine. Hakukasirika. Alisikiliza moyo wa mtoto na mapafu, akauliza kama kuna pumu nyumbani, akatulaza. Dozi ya kwanza wakapima mapigo na presha, baada ya saa moja tena, baada ya mbili tena, na damu ya kidoleni kuangalia sukari. Usiku wa pili tukaruhusiwa.

Tuko nyumbani siku ya nne. Kila nikishika lile bomba la kunyweshea, mkono unatetemeka. Kuna mwenzangu humu aliyewahi kumpa mtoto mchanga dawa hii?

Bibi_wa_Bombo

Mwanangu, pole. Mimi kifungua mimba wangu alikuwa nayo mgongoni, kubwa kama sarafu ya mia tano. Hatukuipaka kitu. Alipoanza shule ilikuwa imebaki ngozi iliyolegea kidogo, leo ni baba wa watu na mkewe hajui iko wapi. Kwa hiyo aliyekuambia itaondoka si mwongo.

Ila nitasema na la pili. Mtoto wa dada yangu ilikuwa mdomoni, zamani hizo, akapewa vidonge vya prednisoloni miezi mingi. Uso ukavimba mviringo, akawa analia njaa usiku na mchana, hakukua urefu kama wenzake. Uvimbe ulipungua, lakini tulimlipia. Hiyo dawa ya presha wakati huo hatukuisikia.

Kuhusu kyogero, yale maji ya majani ya kumwogeshea mtoto, mwogeshe kama mama zako walivyokuogesha, ila usimruhusu mtu kusugua majani juu ya kile kivimbe. Nimeona kimoja kilichosuguliwa kikachubuka, damu haikukatika hadi jioni.

Baba_Trevor_Kasese

Dada Mama Shamim, mimi nilimpa. Wa kwangu ulikuwa chini ya kidevu ukapanda kwenye taya zote mbili, pale ndevu zinapoota kwa mwanaume. Tuliambiwa vilevile tusubiri. Mwezi wa tatu akaanza kupumua kwa sauti, kama mtu anayepuliza filimbi iliyoziba. Tukadhani mafua. Tukanunua ya mafua. Hiyo bado inaniuma mpaka leo.

Kumbe ulipokuwa nje, mwingine ulikuwa umeota ndani kooni. Daktari wa masikio na koo alituambia kila mtoto mwenye hemanjioma eneo la ndevu achunguzwe njia ya hewa hata kama bado anapumua vizuri. Propranololi siku ya tatu ile sauti ikapungua. Nilikaa macho usiku kucha nasikiliza kimya, maana kimya chenyewe kiliniogopesha kuliko filimbi.

Nesi_wa_Zamu

Nipo wodi ya watoto, nina dakika chache. Mama Shamim, huna kosa lolote. Watoto wanne au watano katika kila mia huwa nazo, wasichana zaidi ya wavulana, na waliozaliwa kabla ya siku au kwa kilo ndogo kama wako ndio zaidi. Haihusiani na nyama.

Ugomvi wangu na "itaondoka yenyewe" ni huu. Ni kweli kwa walio wengi. Lakini uvimbe huu una kalenda yake. Unakimbia sana kati ya wiki ya tano na ya nane. Mtoto akifika miezi mitatu, kwa kawaida umeshafika asilimia 80 ya ukubwa wake, na miezi mitano mingi imeacha kukua. Baada ya mwaka ndipo unaanza kufifia, na hadi miaka minne mingi imemaliza kupungua. Sasa ukimwambia mama arudi baada ya mwaka, umemwambia arudi treni ikiwa imeshapita. Kama ni mgongoni au tumboni na ni mdogo, haidhuru, tutautazama tu. Kama ni kwenye kope, mdomo, ncha ya pua, eneo la ndevu, au sehemu za nepi zinapochubuka na mkojo, huyo anatakiwa kuonekana ndani ya siku, si miezi.

Jicho hasa. Ubongo wa mtoto unajifunza kuona miezi hii. Kope likifunika mboni, au uvimbe ukikandamiza jicho likapoteza umbo, ubongo unaacha kulisikiliza jicho hilo. Uvimbe utakuja kuisha akiwa na miaka minne, na jicho zuri kwa sura, lakini halioni sawasawa. Ndiyo maana yule daktari hakuhitaji zaidi ya dakika mbili.

Na wale wenye uvimbe uliotanda upande mzima wa uso, wasianze dawa hii popote pale. Wengine huwa na mishipa ya kichwani au moyoni iliyoumbika vibaya, na kushusha presha ghafla kunaweza kuwaletea kiharusi. Picha ya moyo na ya kichwa kwanza. Uganda Heart Institute, taasisi ya moyo, iko palepale hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenye vivimbe vitano au zaidi vya ngozini apigwe altrasaundi ya ini, maana vinaweza kuwa na ndugu zao ndani.

Naitwa. Nitarudi kuhusu sukari, hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Famasia_Jinja

Wakati tunamsubiri nesi, niwape hadithi ya dawa yenyewe, maana naona watu wanashangaa presha na uvimbe vinakutana wapi.

Propranololi ilitengenezwa miaka ya 1960 na Mskoti James Black, kwa ajili ya moyo. Mwaka 1988 akapewa Nobel. Kazi yake ni kuziba milango ambayo adrenalini hupitia kuamrisha moyo na mishipa. Miaka zaidi ya 40 hakuna aliyeifikiria kwa hemanjioma.

Halafu Bordeaux, Ufaransa, daktari wa ngozi Christine Léauté-Labrèze alikuwa akimtibu mtoto mwenye uvimbe puani. Mtoto huyo alikuwa kwenye dawa za jamii ya prednisoloni, zile za Bibi wa Bombo, na misuli ya moyo wake ikaanza kunenepa. Wakampa propranololi kuusaidia moyo. Kesho yake uvimbe ulikuwa umetoka wekundu mkali, umekuwa zambarau, na umelainika. Hawakuutafuta, waliukuta. Mwaka 2008 wakaandika habari za watoto 11. Mwaka 2014 Marekani na Ulaya wakaidhinisha ile ya maji, Hemangeol (Ulaya inaitwa Hemangiol). Mwaka 2015 yakatoka majaribio ya watoto 460: waliotumia miligramu 3 kwa kilo kwa siku kwa miezi sita, 60 katika kila 100 uvimbe uliisha au karibu uishe, waliopewa dawa bandia, 4 tu katika 100.

Inavyofanya kazi: siku za kwanza mishipa inajikunja, damu inapungua, rangi inabadilika. Baadaye inakata ile amri ya kuota mishipa mipya, na seli za uvimbe zinaanza kufa taratibu. Kwa hiyo Mama Shamim usipime kwa ukubwa wiki ya kwanza. Angalia rangi na ulaini.

Ile ya maji sijawahi kuiweka kwenye rafu yangu. Kilichopo ni kidonge, na vidonge kumi ni bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai. Urahisi huo ndio hatari yake, kila duka inapatikana.

Mzazi_Malaba

Asanteni sana, mmenifungua macho. Wangu wa kiume ana miezi miwili, kilo 4, ana doa jekundu shavuni. Babu yake anazo hizo propranololi za 40. Nimuanzishie nusu leo usiku?

Nesi_wa_Zamu

USITOE. Nimeacha chai yangu mezani kukujibu.

Nusu ya 40 ni miligramu 20. Kwa kilo 4 hiyo ni miligramu 5 kwa kila kilo, kwa mara moja. Dozi kamili ya SIKU NZIMA, tena baada ya kupandishwa polepole, ni miligramu 2 hadi 3 kwa kilo, na inagawanywa mara mbili. Ungempa mtoto usiku mmoja karibu dozi za siku mbili, kisha ukazima taa. Asubuhi huenda asingeamka.

Mlete kliniki kwanza. Hatujui hata kama doa lake ni hemanjioma.

Famasia_Jinja

Naongezea kwa Mzazi wa Malaba na wengine wenye wembe mkononi. Mtoto wa kilo 4 anaanza na kama miligramu 2 kwa mara moja. Hiyo ni sehemu ya ishirini ya kidonge cha 40. Hakuna kisu cha kukata hivyo. Tunachofanya ni kusaga na kuchanganya na maji yaliyopimwa, tunaandika kwenye chupa kila mililita moja ina miligramu ngapi na siku ya kuimwaga. Mzazi anapewa bomba lenye mistari midogo ya 0.1, si kijiko cha chai.

Na kila mkibadilisha famasia, someni chupa upya. Mwingine anatengeneza ya miligramu 5 kwa mililita, mwingine 2. Mama akishika kumbukumbu ya "mimi huvuta mpaka mstari wa nne" bila kuangalia chupa, tumekwisha. Mtoto akiongezeka kilo, dozi inahesabiwa upya na aliyeiandika.

Mzazi_Malaba

Nimeelewa. Nimemrudishia mzee vidonge vyake. Moyo unadunda.

Nesi_wa_Zamu

Sasa sukari.

Mtoto mchanga hana akiba. Asiponyonya muda mrefu sukari inashuka, na mwili kwa kawaida unapiga kelele: anatetemeka, moyo unaenda mbio. Propranololi inanyamazisha kelele hiyo, na papo hapo inazuia ini kutoa sukari ya akiba. Kwa hiyo mtoto anashuka kimyakimya. Utakachoona ni jasho la baridi, ulegevu, usingizi usioamshika, mwisho degedege.

Hivyo dawa inafuata ziwa. Ananyonya, halafu dawa, na dozi mbili zitengane saa tisa au zaidi. Usiku usimwache alale moja kwa moja hata kama wewe umechoka. Akiwa mdogo hivi, kila saa nne au tano mwamshe anyonye. Akitapika dawa, usimrudishie. Akikataa ziwa, anatapika, anaharisha sana, au kifua kinalia mluzi: dozi hiyo INARUKWA. Kuruka dozi moja hakuharibu kitu.

Tuko Uganda, kwa hiyo nitaje malaria kwa jina. Malaria kali yenyewe inashusha sukari. Kwinini inashusha sukari. Mtoto ana homa na hataki ziwa, ukampa propranololi kwa sababu "daktari alisema tusikatize," umeweka mzigo wa tatu juu ya hiyo miwili. Ruka, nenda kituo, na neno la kwanza mlangoni liwe "yuko kwenye propranololi". Akilegea njiani na hawezi kumeza, sukari kidogo iliyoloweshwa kwa maji, chini ya ulimi, huku boda inakwenda.

Viganja na nyayo baridi, kulala kwa kushtuka, kinyesi laini: haya hutokea na kwa kawaida si ya kutisha. Vidole vikiwa vya buluu au anapumua kwa shida, hapo njoo.

Mama_Shamim

Nesi, nimechapisha maneno yako nikayabandika ukutani kwa uji wa ngano. Hata mama mkwe ameyasoma, ingawa bado anaamini nyama.

Taarifa: siku ya kumi leo. Rangi imetoka nyanya imekuwa zambarau iliyopauka, katikati kuna kijivu. Kope linainuka nusu.

Zuhura_Kisenyi

Naomba niulize. Nimetafuta picha mtandaoni, zote ni za watoto wazungu, nyekundu kama taa ya trafiki. Wangu ni mweusi tii, ana kivimbe begani rangi yake ni ya ngozi tu, labda ubuluu kwa mbali. Ndiyo hiyo au jipu?

Nesi_wa_Zamu

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha, na zile zilizokaa ndani chini ya ngozi zinaonekana kama uvimbe wa kibuluu tu. Jipu lina moto na maumivu. Hii ni laini, inanywea ukibonyeza, inajaa akilia. Usiruhusu mtu kuipasua akidhani ni usaha. Piga picha kila Jumapili, pembeni weka sarafu ileile, ujue inakua au imesimama. Ikiwa ndogo na ya juujuu, kuna matone ya timololi, yale ya presha ya jicho, hupakwa kidogo asubuhi na jioni, ndugu mpole wa propranololi. Nayo aandike daktari, na isipakwe kwenye kidonda maana inaingia mwilini.

Mama_Shamim

Wiki ya saba ya dawa. Niwaambie kilichotokea Jumanne.

Mtoto aliamka na moto. Akashika ziwa akaliacha. Saa moja asubuhi ni saa ya dawa, bomba limeshajaa, mkono uko kinywani mwake. Nikaona ukuta. Nikamwaga dawa kwenye sinki. Mume wangu akaniambia tunapoteza, nikamwambia tutapoteza mililita moja.

Kituoni nikasema lile neno mlangoni. Kijana wa mapokezi hakulijua, lakini akaita mkubwa wake, naye alilijua. Wakapima sukari kabla hata ya malaria. Ilikuwa chini, si ya kutisha, wakampa. Malaria ilikuwepo. Siku tatu bila propranololi, alipoanza kunyonya kama zamani tukampigia daktari wa Kampala, akatuambia turudie kwa dozi gani. Uvimbe haukufanya lolote siku hizo tatu.

Baba_Trevor_Kasese

Dada umenikumbusha: msiache dawa ghafla mapema pia kwa kuona uvimbe umeisha. Sisi tulimwachisha wangu akiwa na miezi saba, tukijifanya wajanja, uvimbe ukarudi mwezi huohuo. Tukaanza tena mpaka akapita mwaka mmoja.

Mzazi_Malaba

Nimerudi. Daktari alimwona mwanangu. Aliuliza doa lilikuwepo siku aliyozaliwa? Nikasema ndiyo, bapa hivihivi, ukubwa uleule. Akasema basi si hemanjioma. Hiyo ni aina nyingine ya alama, ya mishipa iliyotanuka, haikui kwa fujo, haiondoki, na propranololi haiigusi. Imefika karibu na kope la juu, kwa hiyo ametupa tarehe ya macho na kutuonyesha dalili za degedege za kuangalia. Ningempa nusu kidonge bure kabisa.

Bibi_wa_Bombo

Alhamdulillah. Babu yake naye anywe dawa zake.

Mama_Shamim

Ana mwaka na mwezi mmoja. Dawa tumepunguziwa, wiki ijayo tunaacha. Kwenye kope kimebaki kivuli na ngozi iliyolegea kidogo, kama alivyosema Bibi. Mboni iko wazi toka mwezi wa nne.

Jicho lile bado ni dhaifu kidogo, kwa hiyo tumepewa kazi nyingine: kuziba jicho zuri, la kulia, kwa saa mbili kila siku ili hilo la kushoto lilazimike kufanya kazi. Plasta anaibandua kila nikigeuka. Nimejaribu kofia, nimejaribu kumshikisha vitu mikono yote miwili. Leo ameitupa kwenye sufuria ya maharage. Mwenye mbinu ya kuifanya ikae, aandike hapa, saa mbili ni nyingi jamani.